Vita vya Dafroza wa Kibara na Ukurasa wa Kwanza

Njooni, enyi watu wa Mara, mlio ziwani na mlio malishoni, mlioketi na mliosimama kwa kukosa kiti! Tueni majembe, funikeni vyungu, na wewe mwenye redio, hebu izime, betri zenyewe hazipatikani. Ninawaletea habari za vita ambavyo babu zetu hawakuvipigana, si kwa uoga, la hasha, bali kwa kuwa hawakuwahi kupewa kazi ya darasani. Nitawasimulia jinsi Dafroza binti Kwangu, simba jike wa Kibara, mvunja kalamu, mla dagaa asiyetema mfupa, alivyoandika ripoti ya ukurasa mmoja. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, tuendelee.

Zama hizo zilikuwa zama za ruksa changa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilikuwa imeshuka Musoma kwa marobota, na watu waliozoea kupanga foleni walikuwa wangali wanapanga, hata pasipo na kitu mbele. Upande wa Buhare, pembeni mwa mji, palisimama chuo kidogo cha biashara chenye taipureta zisizo na utepe na madirisha yasiyo na vioo. Humo alitawala Mwalimu Mwikwabe, askari mstaafu, aliyekwenda vitani akarudi na goti bovu na chuki isiyo na kipimo dhidi ya maneno mengi. Somo lake liliandikwa kwenye ratiba kuwa ni Mawasiliano ya Biashara, lakini wanafunzi waliliita Gwaride.

Amri ya Mwikwabe ilikuwa hii: kila mwanafunzi aende kwenye chama cha ushirika, atazame, arudi na ripoti inayosema pana tatizo gani na lifanyweje. Nakala moja kwa mwalimu, nakala moja kwa chama chenyewe, isomwe mbele ya wajumbe. Atakayeshindwa mara ya kwanza angerudia. Atakayeshindwa mara ya pili angefunga begi.

Basi Dafroza alikwenda Bunda, kwenye ghala la pamba la chama cha msingi, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Mzee Magesa, kaka wa mama yake tumbo moja. Na jambo alilolikuta humo halikuhitaji macho. Pamba ililetwa na wakulima ikiwa nyeupe pe! Ikawekwa ghalani kungoja malori, nayo malori yalikuwa juu ya mawe, hayana matairi. Na ubavuni mwa pamba hiyo, gunia juu ya gunia, walilala dagaa wa wafanyabiashara wa Kibara wakingoja soko. Pamba ikalala na dagaa, ikaamka na dagaa, na ilipofika kiwandani wapimaji walikunja pua wakaiandika fifi, pamba ya daraja la chini. Wakulima wakalia. Bunda nzima ilikuwa na pua, ila mdomo hakuwa nao mtu, kwa sababu wenye dagaa hao walikuwa wadogo zake Mzee Kwangu, yaani baba zake wadogo Dafroza, yaani mashemeji wa Mzee Magesa. Nani amfukuze shemeji? Niambieni nyie mnaojua kila kitu.

Akaketi binti Kwangu akaandika ripoti yake ya kwanza, na kwa adabu ilikuwa haina mfano. Ilianza kwa heshima na taadhima. Ilitumaini kuwa wajumbe ni wazima wa afya, ikauliza hali ya ng'ombe, ikakipongeza Chama na Serikali, ikazisifu mvua za masika, ikashukuru kwa uji. Habari ya dagaa ilijibanza ukurasa wa kumi na moja, baada ya uji na kabla ya shukrani za mwisho, ikisema kwamba inasemekana huenda pengine ghalani pana harufu kidogo.

Mwikwabe alimwita mbele ya darasa zima akasimama kwa goti lake zima, akanena kwa sauti iliyofika barabarani:

"Ewe binti Kwangu! Nimesoma mpaka ukurasa wa tano nikadhani nimeletewa barua ya posa! Nisikilize. Nilipokuwa vitani, alikuja mjumbe mbio, anahema, akasema: 'Afande, adui yuko kilimani.' Basi! Hakuniuliza mama yangu anaendeleaje. Angeniuliza, leo mama yangu angekuwa hana mtoto, na nyie mngekuwa hamna mwalimu. Sasa nenda. Jumatatu asubuhi nataka ukurasa mmoja. Tatizo na dawa yake viwe sentensi ya kwanza. Ukileta tena salamu, nitakusalimia mimi, na salamu yangu itakuwa kwaheri."

Darasa likacheka. Dafroza hakucheka. Kule Kibara mama yake alikuwa ameshawatangazia wanakwaya wote kwamba bintiye anatoka karani, na wanawake wa ufukweni walikuwa wameshaanza kumwita Mama Karani, naye anaitika. Kurudi huko na begi, kushika tena ufagio wa kugeuzia dagaa mchangani, huku watu wakimwangalia mama yake kwa huruma! Aliogopa. Nasema aliogopa, na anayebisha kwamba mashujaa hawaogopi hajawahi kurudishwa nyumbani.

Ijumaa mchana akaingia uwanjani, maana yake akaketi kitandani na ubao magotini. Akachomoa kalamu. Akaandika: Dagaa waondolewe kwenye ghala la pamba. Akaitazama sentensi ile, nayo ikamtazama, imesimama uchi mlangoni kwa mjomba wake, haijabisha hodi. Akaiwekea Shikamoo mbele, kwa stara. Akaikata. Akaiweka tena. Kalamu ikakataa, karatasi ikatoboka, na nyuma ya kalenda kuukuu, maana karatasi nyingine haikuwepo, jeshi la salamu likamshambulia kutoka kila pembe.

Mwenzake wa chumbani, Selestina wa Butiama, ulimi wa pilipili, alikuwa anachana nywele.

"Sasa ripoti unaisalimia ya nini?" akauliza. "Ripoti ina mama? Ina ng'ombe?"

"Inasomwaga kwa mjomba wangu, Sele! Mbele za watu! Mtoto niliyepakatwa na yule mzee, nimwambie ondoa dagaa, bila hata hujambo? Na dagaa wenyewe wa baba zangu? Si nitalaaniwa pande zote mbili, nikose hata pa kukimbilia!"

"Kama salamu ndizo zinakukaba," akasema Selestina, kitana mdomoni, "si uzipeleke kwa miguu? Nenda ukamsalimie mzee mpaka zikuishe. Kisha ndiyo uandike."

Alisema kwa utani, yule, na akaendelea kuchana nywele. Lakini Dafroza alisimama wima, kofi kwenye paja, akatafuta khanga ya safari.

Jumamosi kulipokucha alipanda lori la chumvi. Wakafika Makutano, wakaiacha njia ya Butiama ikienda zake, wakakata kulia. Kiabakari lori likazimika, abiria wakalisukuma, na shujaa wetu akasukuma nao, kiatu kimoja kikabaki topeni. Akaingia Bunda alasiri, mguu mmoja na kiatu, mguu mwingine na imani.

Akamkuta Mzee Magesa kivulini mwa ukuta, anakaza mpini wa jembe. Akapiga magoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Na hapo, enyi wasikilizaji, zilifyatuliwa salamu ambazo hata wazee wa mahari wangevua kofia. Aliulizia mjomba, akaulizia shangazi, akaulizia wajukuu kwa majina, kisha mtamba mwekundu, kisha mgongo wa mjomba, kisha mihogo. Mzee Magesa alijibu, akauliza na yeye, akajibiwa. Uji ukaletwa, ukanywewa, salamu zikaendelea, mpaka mzee mwenyewe, mlinzi wa mila, akaweka jembe chini.

"Mwanangu, hukupanda lori ukapoteza kiatu ili uniulize mihogo. Sema."

"Mjomba," akasema Dafroza, "pamba inanuka dagaa."

Kuku wakajiondokea. Kisha Mzee Magesa akainuka, mkono kifuani, akanena:

"Mimi Magesa, niliyechoma matofali ya ghala lile kwa mikono hii! Mimi niliyeezeka bati la kwanza na bati la mwisho! Unadhani sina pua, mtoto wa dada yangu? Nikilala, nalala na dagaa! Nikila nyama, nakula dagaa! Wakulima wananipitaga njiani hawanisalimii, pamba yao imeitwa fifi kwa ajili yangu. Lakini nitamwambia nini shemeji? Dada yangu yuko kwao, anakula kwao, amezaa kwao. Niinue kinywa hiki nimwambie shemeji Clementi toa mzigo wako? Kesho dada yangu akinyimwa neno jema jikoni, ni mimi!"

Akaketi. Akamwinamia, akashusha sauti.

"Hiyo ripoti yenu. Ni kweli mwalimu wako hatakagi salamu?"

"Hataki hata moja, mjomba."

"Hata pole na kazi?"

"Hata hiyo."

Mzee Magesa akashusha pumzi ndefu, uso ukamfunguka. "Basi iandike hivyohivyo, kavu kabisa. Ukiweka shikamoo, Clementi atasema hii ni kauli ya shemeji yangu. Ikija bila adabu, atajua haijatoka kwa mtu."

Dafroza alimtazama mjomba wake, machozi yakamlengalenga. Kumbe ndicho mzee alichokuwa anakingoja siku zote: kitu kisicho na mama wala shemeji, kiingie na kusema. Akaomba meza. Kalamu iliyokuwa imekataa Buhare ikaenda yenyewe Bunda. Dagaa waondolewe kwenye ghala la pamba, kwa sababu harufu yao inaishusha pamba ya wakulima daraja. Chini yake sababu, chini ya sababu mahali pa kuwahamishia, yaani kibanda kitupu cha nyuma. Akainakili mara ya pili, na jina lake akaliweka kwenye nakala ya mwalimu tu. Jua lilikuwa bado halijazama.

Jumapili baada ya misa, wajumbe walikusanyika mbele ya ghala, na wenye dagaa pamoja nao. Mzee Magesa akaisoma nakala yake, akiishika mbali na mwili. "Mimi sisemi kitu," alitangulia kusema. "Ripoti ndiyo inasema." Akasoma. Baba mdogo Clementi, mbabe wa magunia, alisikiliza mpaka mwisho, akangoja kama kuna kingine.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Haina hata hamjambo! Nani kaandika maneno makavu namna hii?"

"Chuo," akasema Mzee Magesa.

"Chuo hakina adabu!" akanguruma Clementi. Dafroza alikuwa amesimama hatua chache tu, amebeba ndoo ya maji ya wageni, ameinamisha kichwa. Kila mtu alijua mwandiko ule ni wa nani, na hakuna aliyeuliza. Clementi akalitukana lile karatasi mpaka akaridhika, akavua shati la misa, akabeba gunia la kwanza kwenda kibandani. Mashemeji wakala pamoja mchana ule, wakacheka, hakuna aliyenuniwa.

Jumatatu Dafroza akaweka ukurasa wake mezani kwa Mwikwabe, akatoka bila kuaga. Kesho yake akaitwa ofisini.

Alipoingia, Mwalimu Mwikwabe alisimama. Akamvutia kiti.

"Hujambo, binti Kwangu?"

"Sijambo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo? Mama? Baba? Kibara mvua zipo? Ziwa limetulia?"

Dafroza akabaki amekishika kiti, hakukikalia. Mtu huyu hakuwahi kumsalimia kiumbe tangu atoke vitani, na kwetu salamu zikirefuka namna hiyo, ujue kuna msiba unaletwa polepole. Dafroza alijibu mama hajambo, huku akimwona mama yake ufukweni. Alijibu mvua zipo, huku akikunja nguo zake moyoni, moja moja. Mwalimu alipofika kwa ng'ombe, hakuweza tena.

"Mwalimu," akasema, machozi yanamtiririka, "kwa heshima yako, naomba uanze na hitimisho!"

"Umefaulu," akasema Mwikwabe.

"Sasa mbona unanisalimia?"

Yule askari mzee akaketi, akanyoosha goti lake bovu, akatabasamu, jambo ambalo halikuwa limeshuhudiwa na mwanafunzi yeyote. "Adui akiwa kilimani, watu wanakimbia. Leo hakuna adui, mwanangu. Haya, hujanijibu. Ng'ombe wanaendeleaje?"

Akamjibu, tena kwa kirefu, akilia na kucheka kwa pamoja. Alama alizopata zilikuwa za kuvukia tu, hazikumbakizia hata moja ya akiba. Lakini alivuka! Basi pulizeni mapembe, Bunda ijue, Butiama ipate habari, na mtu akimbie ufukweni Kibara akamwambie yule mama, kabla hata ya shikamoo, kwamba anaweza kuendelea kuitika.