Krenki Zima na Kibaraza cha Mayu Wilhelmina

Jumatatu, 3 Julai 1995

Umaskini wangu umekwisha! Kuanzia leo niiteni mtaalamu. Baiskeli mbili za BMX, za mtumba, zimeshuka Malampaka na treni ya Mwanza, nami nimezifikisha Bariadi juu ya lori la pamba lililokuwa linarudi tupu. Moja nyekundu, moja rangi ya maziwa ya mgando. Watu wamesimama barabarani kutazama. Mmoja ameuliza kama ni za watoto. Nimemjibu ni za wanaoelewa.

Dada yangu Kabula, ambaye mimi na mumewe tunakula ugali wake, ametazama kiti cha baiskeli, akatazama miguu yangu, akasema siku kitu hiki kikibebeshwa furushi la pamba, pamba itafika na mimi nitaokotwa. Dada hana jicho la soko huria. Siku hizi kila kitu ruksa. Kilichobaki ni kujua.

Jumanne, 4 Julai

Nimejua!

Nimezilaza ubavu na kuzichungulia tumboni, pale ekseli ya pedeli inapopita ndani ya fremu. Hapo ndipo baiskeli zinapotofautiana tabia. Hizi nyeusi zetu za siku zote zina ekseli fupi, na kila mkono wa pedeli umebanwa kwa kotapini, kile kipini cha chuma kinachogongwa kwa nyundo. Kotapini ikilegea, mguu mmoja unakwenda mnadani na mwingine unarudi nyumbani. Ile ya maziwa haina kotapini. Ncha za ekseli yake ni za pembe nne, mikono inachomekwa na kukazwa kwa bolti, na vikombe vya gololi vinaingia kwa kuzungushwa. Nzuri, lakini ina masharti mengi kama bibi harusi.

Nyekundu ndiyo mwisho wa mambo. Mkono wa kulia, ekseli na mkono wa kushoto ni chuma kimoja kilichopindwa. Kinaingia tumboni kama nyoka shimoni na kutokea upande wa pili. Nati moja tu ndiyo inashika yote! Chuma hicho nimekipa jina: Krenki Zima.

Nimemweleza Masele, fundi baiskeli wa kotapini, ambaye kama mimi hufanya kazi juani, ng'ambo ya barabara. Amecheka mpaka akaangusha nyundo. Anasema baiskeli ya hivyo ni ya sarakasi. Wivu.

Jumatano, 5 Julai

Kibaraza kiko wazi! Fundi cherehani aliyekipanga amehamia Lamadi. Ni kibaraza cha Mayu Wilhelmina, mayu yaani mama, mjane wa kanisani mwenye hoteli ya chai, na kinatazamana na mzani wa wanunuzi wapya wa pamba. Kila mkulima anapita hapo na baiskeli yake. Kina kivuli mpaka jioni.

Nimekwenda kumwamkia mapema, nikiombe. Mwangaluka mayu! Masele nimemkuta ameshakaa, anakunywa chai. Shetani haamki mapema vile.

Mayu amesema hawezi kuchagua, wote tunampigia kelele sawasawa. Basi tutashindana kama ngoma za Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, baada ya mavuno: kila mtu upande wake, wakati mmoja, na watu waende wanakotaka. Siku ya Sabasaba, mimi mwisho huu wa kibaraza, Masele mwisho ule, kila mtu afungue tumbo la baiskeli yake, alisafishe, alifunge. Mwenye watu wengi achukue kibaraza. Masele amekubali haraka mno.

Nyumbani shemeji Limbu, mume wa Kabula, amesikia. Amekata fimbo mpya, akaiegemeza karibu na kitanda changu. Nikishindwa, Jumatatu naanza kuchunga ng'ombe wake Lalago. Ng'ombe wale hawanipendi. Kuna mmoja ananijua kwa jina.

Alhamisi, 6 Julai

Wacheza ngoma hawaendi uwanjani mikono mitupu. Nami nimekwenda kwa Mzee Malimi, mganga anayewapa dawa ya kuvuta watu. Nimemlipa mpira wa ndani wa baiskeli, anaufungia mlango wake. Amenipa unga wa kahawia unaonukia karanga za kukaanga. Akaniagiza nichanganye na mafuta yoyote.

Nimechanganya na grisi. Kabula amenusa akauliza kama ni mboga.

Mayu Wilhelmina asijue. Anaongoza kwaya.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Lazima niandike yote.

Mji umejaa. Wanunuzi binafsi hawajui sikukuu, mzani ulikuwa unafanya kazi. Mayu akagonga sufuria, tukaanza. Nikapanda juu ya kreti la soda nikatangaza kwamba zama za kotapini zimekwisha. Wakati huohuo Masele akapiga kotapini yake nyundo moja. Ikatoka. Wakulima wakasema eheee! Wakaenda kwake wote. Kwangu akabaki Kabula peke yake, na hata yeye alikuwa amegeuza uso.

Nikaweka gololi mpya kwenye sahani ya bati, nikazipaka grisi yenye dawa, zing'ae. Nikashika spana, nikaikamata nati ya Krenki Zima. Haikutoka. Nikachomeka bomba kwenye mkia wa spana nipate nguvu. Nati ikatulia, baiskeli ndiyo ikazunguka, nami nikiwa juu yake.

Hapo Kabula akapiga yowe: "Jamani! Kuku wanakula baiskeli!"

Kweli. Kuku wa Mayu walikuwa wameizingira sahani, wanameza gololi zangu kama mahindi. Watu wakageuka. Watu wakakimbia. Kwangu! Mzee mmoja alicheka akarudi nyuma mpaka akakalia mzani wa pamba, karani akampa daraja la kwanza.

Dawa inafanya kazi! Nikaita wanaume wa kunisaidia. Wawili wakashika fremu, wengine wakaning'inia kwenye bomba pamoja nami. Wanawake wakatuimbia wimbo wa kulimia. Watu wakazidi kuja, mwishowe akaja hata Masele mwenyewe, nyundo kaiacha, jasho linamtoka.

"Ngosha, mwanamume mwenzangu, unakaza! Nati ya upande huo inafunguka kinyume!"

Nikamwambia akafundishe kwao. Nikaamuru wavute zaidi.

Paa!

Nati ikatoka na meno yake ya ndani yamesagika kama unga. Sisi wote tukaanguka, mimi chini kabisa. Nikiwa chini pale, katikati ya miguu ya watu, nilimsikia Mayu anatembea taratibu kuelekea mwisho wa Masele. Kule kulikuwa na baiskeli na nyundo tu. Akarudi.

Akasema kibaraza ni cha Machibya. Yaani mimi!

Masele akalalamika kwamba yeye ndiye amemaliza kazi, na mimi watu walikuja kunicheka. Mayu akamjibu: "Baba, kwenye ngoma tunatazama watu wamekwenda wapi. Na wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Masele akarudi kuokota nyundo yake. Kabula alinikumbatia na grisi yangu yote. Shemeji akaichukua fimbo yake akaondoka nayo, amenuna kama mtu aliyefiwa na mchunga ng'ombe.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefuata kuku kutwa nikisubiri gololi zangu. Kuku wakitembea wanasikika. Hakuna jingine.

Jumatatu, 10 Julai

Siku ya kwanza kibarazani. Kivuli kitamu! Wamekuja watu wengi kuliko mnada. Wanauliza, huyu wa kuku ndiye yupi? Wanakaa, wanaagiza chai ya Mayu, wananitazama nikipanga spana. Kisha wanapeleka baiskeli zao ua wa nyuma, ambao Mayu amempa Masele kwa huruma yake. Njia ya kwenda uani inapita katikati ya kibaraza changu. Maana yake hakuna mteja wa Masele asiyepitia kwangu. Masele sasa yuko chini yangu.

Mchana amekuja katekista Paschal. Mtumba umemletea BMX, na tumboni ni Krenki Zima! Inalia kama mbuzi, anataka ifunguliwe. Watu wote wakasogeza viti. Mayu akaniomba nisianze kwanza, ameongeza sufuria ya pili ya chai haijachemka.

Masele akapaza sauti kutoka uani: "Kinyume, ngosha! Geuza kinyume!"

Nikamshukuru kwa adabu. Mshindi hana haja ya kugombana na mpangaji wa uani. Isitoshe, kosa la Ijumaa nilikwisha kuligundua mwenyewe kwa kutafakari: bomba lilikuwa fupi.

Nimeazima jingine kwa wachimba visima. Tumelibeba wanne.