Malalamiko Juu ya Kipimo cha Umeme na Mume Wangu Anayekibeba

Bunia, kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, mwezi wa saba 2003

Kwa Bwana Préfet Théodore, mkuu wa shule, huko uliko Mahagi

Bwana Préfet,

Mimi ni Berthe, mke wa Isidore, mwalimu wako wa fizikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na nyumba yako. Sisi pia tunaishi, ila kwa shida ambazo shule yako imechangia, na ndiyo sababu nakuandikia kwa heshima zote.

1. Siku ile ya mapigano ya mwezi wa tano, risasi zilipofika Saio, kila mwanaume wa mtaa wetu alitoka na kitu cha maana: huyu godoro, yule mbuzi. Mimi nilikuwa na mtoto wetu Gentille mgongoni na sufuria kichwani. Isidore alirudi ndani, nikafikiri anachukua unga. Akatoka na kipimo cha umeme cha shule, amekifunga ndani ya shati lake la Jumapili. Nilipomuuliza unga uko wapi, alijibu kwamba kipimo ni mali ya shule. Bwana Préfet, unga ulikuwa mali yetu.

2. Kabla hatujafika kwa askari wa kofia za bluu, wale wa Umoja wa Mataifa, kulikuwa na barrière, kizuizi cha njiani. Wapiganaji walitusimamisha pamoja na mzee Sylvestre, jirani yetu, ambaye unajua si wa kabila letu. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba tutanyamaza. Mkubwa wao, aitwaye Patou, alifungua lile shati akauliza: «Hii iko nini?»

Mtu mwenye akili angesema ni redio iliyokufa. Isidore alisema: «Iko kipimo ya umeme. Inapima umeme yenye kupita mu kitu.»

«Na mu mutu?»

«Hata mu mutu.»

Patou akacheka. «Basi itatuonyesha kila mutu iko wa kabila gani.»

Tulielewa kwamba mmoja wetu hatavuka. Nikamkanyaga mume wangu mguu. Yeye akatoa betri ya volti tisa, akatushikisha nyaya kwa zamu: mzee, mimi, halafu yeye mwenyewe. Sindano ilisimama mahali pamoja kwa wote, ampea 0,0003. Akaandika mavumbini kwa kidole kana kwamba yuko darasani: tisa gawanya kwa 0,0003, upinzani wa mwili kwa umeme ni ohm elfu thelathini. «Siye wote sawasawa,» akasema. «Kipimo haijui kabila.»

Hapo angenyamaza. Lakini Patou alitaka naye apimwe, na sindano ikaruka hadi 0,0009. Ohm elfu kumi. «Upinzani yako iko ndogo kupita ya siye wote,» mume wangu alimwambia mtu mwenye bunduki. Patou akauliza kwa nini. Akajibiwa: «Jasho. Mukono yenye jasho inapitisha umeme vizuri. Mutu akiogopa, anatoka jasho.»

Bwana Préfet, nilifumba macho nikaanza Salamu Maria. Nilisikia bunduki ikikokiwa.

Kilichotuokoa si busara. Ni kwamba Isidore hawezi kuacha zoezi nusu. «Bado puissance,» akasema, akazidisha volti kwa ampea. Sisi, wati 0,0027. Patou, wati 0,0081. «Nguvu yako iko mara tatu ya yetu.»

Patou akawageukia wenzake: «Mumesikia?» Akatupisha sisi wote, na sufuria akanibebea mwenyewe mpaka mfereji. Isidore alitaka kurudi kumweleza kwamba wati si nguvu ya vita. Nilimvuta kwa mkanda.

3. Hapa kambini nilitegemea kupumzika. Wapi! Jumapili moja Patou akatokea, bila bunduki maana mjini sasa haziruhusiwi. Sijui ameificha wapi. Alikaa kwenye mkeka wangu, akala sombe yangu, akauliza: «Prof, upinzani yangu imepanda?» Tangu siku hiyo hakosi Jumapili. Aliomba kujua mtu afanye nini ili upinzani wake upande na jasho la hofu lipungue, na Isidore akamjibu: «Ulale muzuri. Na uache ile kazi.»

Sasa analeta wenzake. Watu wa kambi nao wamejipanga, hata wale waliowakimbia wapiganaji hao hao. Na Isidore hapimi mtu asiyefanya hesabu mwenyewe. Matokeo yake, mbele ya hema langu, watu waliokuwa wakitafutana kwa mapanga wanagombana juu ya mahali pa kuweka koma ya desimali. Kelele hiyo naiweka mbele yako kama kero kubwa kuliko zote. Tena sombe haitoshi.

Kwa hiyo naomba umwandikie mume wangu akurudishie kipimo, umtoe kwenye fizikia, na umpe somo la dini au la gymnastique, ambako hakuna koma.

Msalimie mama wa nyumba, watoto, walimu wote waliofika huko, na yeyote wa Saio utakayemuona sokoni.

Ni mimi, kwa heshima na uchovu,
Berthe, mama Gentille

N.B. Sikuwa nimefunga bahasha. Isidore amelala na malaria. Jumapili hii watu walipokuja niliwaambia warudi kwao, wakakaa tu, basi nikapima mimi. Patou alipata ohm elfu arobaini na tano. Alisimama akasema, «Siogopi tena,» akaenda moja kwa moja kukabidhi bunduki yake kwa askari wa kofia za bluu. Baadaye nikapima betri yenyewe: imebaki na volti tano, na sisi bado tulikuwa tunagawanya tisa. Kweli yake ni elfu ishirini na tano, chini hata ya elfu thelathini yetu ya pale barrière. Sijamwambia mtu, hata Isidore. Kipimo kibaki hapa, Bwana Préfet. Na Mama Honorine, anayekuletea barua hii, akikuomba betri mpya kwa niaba ya mume wangu, tafadhali mwambie zimeisha.