Twana Sita na Mama Yao Marehemu

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nimekwisha! Popi amekufa. Nyoka kamuuma nyuma ya choo asubuhi, mchana nikamzika chini ya mparachichi.

Popi si mbwa wangu. Ni wa mama mkwe, Kasyoka wa Matinyani, mwanamke ambaye hata fisi humpisha njia. Ni mimi niliyemwomba. Nilimtuma mke wangu Syombua akamwambie kwamba hapa Nunguni Ndungu mwenye duka ana dume kubwa kama ndama, na kwamba Popi akizaa naye, wezi wa mbuzi watahama Kitui yote. Mama mkwe alikubali kwa sharti: Popi arudi mzima. Asiporudi, nisimtarajie Syombua pia. Na Syombua yuko kwao sasa, anamsaidia kutayarisha shamba. Yaani mateka.

Nimebaki na vijibwa sita. Wamefumbua macho juzi tu. Wananitazama. Mpango: niwalishe wanenepe hadi mama mkwe akiwaona amsahau mama yao.

Jumanne, 2 Septemba

Maziwa nimepata kwa jirani Nzuki, mwenye ng'ombe. Nzuki ni shemasi na mpelelezi. Aliuliza tangu lini nikawa mnywaji wa maziwa. Nikasema vidonda vya tumbo. Akaahidi kuniombea. Sasa itabidi nitembee nimejishika tumbo kila nikipita kwake.

Niliwalaza vijibwa chali, kama watoto wachanga, nikawamiminia kwa kijiko. Maziwa yakatokea puani! Aliyekuwa wa kwanza akapaliwa hadi nikadhani ameniaga. Jioni wote wanahara. Mdogo kabisa amepoa kama jiwe la mtoni. Nimemtia ndani ya shati langu. Naogopa hata kupumua kwa nguvu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimemwendea Ndungu. Sikumwambia Popi amekufa. Nilimwambia amepungukiwa maziwa. Ndungu alinicheka mbele ya wateja. Akasema maziwa ya ng'ombe ni mepesi kwa mbwa. Nikoroge maziwa ya unga yawe mazito kuliko ya chai, nitie kiini cha yai na mafuta kidogo, yawe vuguvugu. Kijibwa alale kifudifudi, kichwa juu kidogo, kama anavyonyonya mama yake. Akishiba, nimpanguse nyuma kwa kitambaa chenye maji ya moto ili aende haja.

Yaani mimi, niliyewahi kuwa karani wa kanisa, nipanguse makalio ya mbwa. Nimepangusa. Nimeosha kichupa cha dawa ya macho, ndicho chuchu yao. Wamenyamaza. Lakini mayai ninayo na maziwa ya unga sina.

Ijumaa, 5 Septemba

Nina akili mimi! Kanisani kwetu kuna maziwa ya unga ya watoto waliofiwa na mama. Funguo za stoo anazo Kalunde, mwenyekiti wa akina mama. Nilimwendea na uso wa msiba. Nikamwambia kwa Kikamba kwamba nyumbani kwangu nina twana sita, na mama yao amekufa.

Twana! Ni vitoto. Vya mtu, vya mbuzi, vya mbwa. Sikusema vya nini na yeye hakuuliza. Sikudanganya hata kidogo. Aliuliza umri, nikasema wanafuatana kwa karibu sana. Aliuliza kama wana meno, nikasema yanachomoza. Kalunde akatoa kitambaa akalia. Nikalia pia, kwa woga. Nimerudi na mkebe mzima na kofia sita za sufu.

Kofia zimewatosha. Usiku huu hakuna aliyetetemeka ila mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Laiti ningebaki kitandani. Pasta alinisimamisha mbele ya kanisa lote. Akasema Mulei amewapokea yatima sita bila kupiga tarumbeta. Akina mama wakaimba. Kisha pasta akataka majina ili waombewe mmoja mmoja.

Nilitaja yaliyonijia: Mbula, Mbinya, Musembi, Mutie, Ndila. Wa sita alikuwa hajapata jina, nikamwona Nzuki ananikodolea macho, nikasema Nzuki. Nzuki akatabasamu kwa fahari. Kijibwa chenyewe ndicho kinachokula mavi ya wenzake.

Kalunde akatangaza kwamba Jumamosi akina mama watakuja kuwaona watoto.

Jumatano, 10 Septemba

Mkebe unaisha. Mpango mpya: niwaachishe maziwa haraka, wale uji, halafu kabla ya Jumamosi niwapeleke vichakani wakakae kwa siku moja. Nilimwaga uji kwenye kifuniko cha sufuria. Musembi aliingia mzima mzima. Mbinya alilala ndani. Mutie aliupiga chafya ukanirudia usoni. Ni Nzuki peke yake aliyelamba, kisha akatapika. Ulikuwa mzito mno, na wao bado wachanga. Nimeuchanganya na maziwa, nikawalambisha kidoleni. Sasa wanalamba, lakini polepole. Hawa hawahami kabla ya Jumamosi.

Kuna baya zaidi. Nzuki (mtu) kaniambia uani kwamba habari zimefika Matinyani. Huko wanasema Mulei alikuwa na mwanamke wa pembeni, amemzalia watoto sita, na sasa amekufa. Sikulala.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilisikia nyimbo zikipanda mlima. Nikachungulia. Kalunde mbele, akina mama nyuma na vikapu, Nzuki akiwaonyesha njia kana kwamba hawaijui nyumba yangu. Katikati yao Syombua, macho mekundu. Nyuma ya Syombua, mama mkwe!

Mkwe mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Hizo ni nthoni zetu, na sijawahi kuzishukuru hivi. Nilikimbilia nyuma ya ghala kwa heshima.

Mlango ukafunguliwa. Wimbo ukakatika. Kisha nikasikia vijibwa sita vyenye kofia za sufu vikiwapigia akina mama kelele za njaa.

Syombua ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi huko nyuma ya ghala nikajua bado nina mke. Machozi yakanitoka. Wengine wakafuata kucheka, wote ila Nzuki, aliyekumbuka kwamba mmoja wao ana jina lake.

Nikadhani nimepona. Ndipo Kalunde akasema, taratibu, "Lakini alituambia mama yao amekufa."

Kicheko kikafa palepale. Nilisahau! Mimi mwenyewe nimemtangaza Popi marehemu mbele ya kanisa zima. Ikabidi nipaze sauti kutoka nyuma ya ghala: ni nyoka, na nimemzika chini ya mparachichi.

Mama mkwe hakunijia. Nthoni zinamfunga pia. Alisema na ukuta wa ghala, akiwatumia wenzake. "Mwambieni huyo aliye nyuma hapo, nyoka simlaumu. Mbwa wangu nilimpenda. Angenitumia mtu, ningekuja kumzika."

Sauti yake ilitetemeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilijikunja pale nikaona aibu ya kweli.

Jumapili, 14 Septemba

Hukumu imetoka. Syombua anabaki nami. Ameshika kichupa na vijibwa wanamfuata kama amewazaa yeye. Mama mkwe atabaki kwa Kalunde hadi wale uji bila kusaidiwa, kisha arudi nao Matinyani, wote. Mkebe nitaulipa kwa kuteka maji ya kanisa.

Na Jumapili ijayo nitasimama mbele ya washirika nikiri nilivyowadanganya. Mama mkwe atakaa benchi la mbele. Nthoni au si nthoni, amesema atanitazama. Syombua amenishauri niseme ukweli mfupi, nikae.

Nimekubali. Ila nitaungama kwa Kikamba. Lugha yetu ni pana. Tangu asubuhi natafuta neno linalofaa, na naona kama limekaribia.