Bima ya Gari Lisilo na Injini

Deusdedit alikuwa amebakiwa na siku chache za kukaa Kahama alipomsikia tajiri Maige akilalamika kwenye meza ya jirani, kwa mama lishe wa Nyahanga. Siku chache, kwa sababu madereva wa bodaboda walishaanza kunong'ona. Mwaka mzima alikuwa amewauzia stika za bima za kampuni aliyoiita Ngao ya Maziwa, kampuni ambayo ofisi yake ilikuwa mkoba wa kahawia na muhuri aliochongewa na fundi viatu. Juma lililopita mmoja wao, kijana aitwaye Enock, aligongwa na lori lililotoka Isaka, mguu ukavunjika. Ndugu zake walipokwenda kudai fidia wakaambiwa kampuni hiyo haipo duniani. Deusdedit alifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya mteja wa thelathini na moja, akaanza kukunja mashati. Alikuwa na milioni tisa mkobani. Hizo ndizo zingemfikisha Dar es Salaam akaanze upya. Bila hizo ni kurudi kwao kushika jembe, na jembe alilichukia kuliko polisi.

Basi angeondoka zake. Lakini matapeli wana ugonjwa mmoja, hawawezi kupita mbele ya mjinga bila kumsalimia.

Na Maige alionekana mjinga wa kiwango cha juu. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji, alikuwa na karasha lake la kusagia mawe kwenye barabara ya kwenda Geita, na mwezi ule alikuwa ameleta gari la umeme. Alilipangusa mara tatu kwa siku, na soda akinywa hainuki mpaka chupa ikauke. Sasa alikuwa anawatangazia watu wote waliokuwa wanakula kwamba kampuni ya bima imemtajia milioni sita kwa mwaka. Milioni sita, gari halina hata injini! Halinywi mafuta, halitoi moshi, wanakata bima ya nini?

Deusdedit akanyoosha tai, akahamia meza ile na sahani yake.

Akamweleza taratibu, kwa huruma kama ya daktari. Bima kubwa hukatwa kwa bei ya gari, na karibu nusu ya bei ya gari lile ni betri. Betri iko chini, sakafuni. Ukipiga jiwe barabara ya Geita, hakuna fundi Kahama nzima wa kuifungua, inabidi iletwe mpya kutoka ng'ambo. Kampuni zinajua hilo, ndiyo maana zinakamua. Hadi hapo, niseme ukweli, hakudanganya neno hata moja, na huenda ndiyo mara yake ya kwanza.

"Sisi Ngao ya Maziwa tunafanya tofauti," akaendelea. "Tunakata bima ya bodi peke yake. Betri tunaiandika kama sola ya nyumbani. Unalipa milioni moja na nusu tu."

Maige akafikiri sana. Akauliza kama wakitoa na matairi bei itashuka zaidi. Deusdedit akainamia wali wake ili asicheke.

"Nimekubali," Maige akasema. "Ila fedha taslimu sina, mimi mtu wa machimbo. Nitakulipa kwa mawe."

Hilo halikumshangaza mtu. Huku kwetu mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hulipwa kwa viroba vya mawe, wachimbaji hulipwa kwa viroba, na nimemwona hata katekista akitolewa sadaka ya kiroba. Sheria yake ni moja na kila mtu anaijua. Unachagua kiroba mwenyewe, unasimama jiwe la kuonja linaposagwa na kuoshwa mbele ya macho yako. Ukishakubali, hakuna kurudisha, ikitoka dhahabu ni yako na likitoka vumbi ni lako.

Asubuhi Deusdedit akafika kwenye karasha na stika yake mpya mkononi. Viroba arobaini vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Maige akamwita mwosha mawe.

"Mama Enock, njoo umpimie mgeni."

Akaja mama wa makamo, Apolonia jina lake, midomoni ana sigara ya tumbaku ya Ushetu aliyoisokota kwa karatasi ya daftari.

"Shikamoo mama," akasema Deusdedit.

"Marahaba, mwanangu."

Wewe msomaji umelisikia jina lile. Deusdedit hakulisikia, alikuwa anatazama karai. Mtu aliyeishi mwaka mzima katika nchi ambayo mama huitwa kwa jina la mwanawe, na hakuuliza Enock yupi!

Akachagua kiroba cha chini kabisa, cha katikati, kwa ujanja wake. Mama akatwanga jiwe kwenye kinu cha chuma, akamimina unga kwenye karai, akaosha polepole huku sigara inawaka na majivu yanadondoka majini. Mchanga ulipoisha, chini ya karai ukabaki mkia wa njano wa dhahabu. Deusdedit akachagua kiroba kingine, kisha cha tatu. Mkia ukabaki vilevile.

Bima sasa ikamtoka akilini. Akauliza viroba vyote ni kiasi gani. Maige akakataa, akasema kuna mnunuzi anatoka Mwanza kesho. Deusdedit akabembeleza. Maige akaguna, akajikuna, mwishowe akasema milioni kumi na nusu, toa ile moja na nusu ya bima. Mkoba wa kahawia ukafunguliwa palepale, na zile tisa zikatoka. Wakaandikishana, Mama Enock akaweka dole gumba kama shahidi.

Hakutaka kusagia kwa Maige, aliogopa kuibiwa. Nakuapia, aliogopa kuibiwa. Akauza simu yake kubwa, akakodi lori, akasaga kwa mtu mwingine siku tatu. Yalikuwa magwangala, yaani mawe ya kutupwa yaliyokwisha kukataliwa machimboni. Hakupata hata punje.

Akarudi amejaa vumbi hadi kwenye tai. Maige alikuwa anapangusa gari.

"Mawe yako hayana kitu. Nakwenda polisi."

"Ulichagua mwenyewe, ukapima mwenyewe," akasema Maige bila kugeuka. "Lakini twende, panda nikupeleke. Utawaeleza ulikuja kwangu kwa kazi gani. Bodaboda nao watakuja kukusalimia."

Mama Enock akatoka kivulini na kitu kiganjani. Ilikuwa stika ya Ngao ya Maziwa, iliyokunjamana, ya pikipiki.

"Hii ya mwanangu," akasema. "Tumbaku ya sigara yangu niliichanganya na unga wa dhahabu wa bosi, gramu moja, ukadondoka karaini pamoja na majivu. Milioni tatu za mkoba wako nimemlipia mguu, wametia chuma."

Ile gramu Maige alikuwa ameidai irudishwe jioni ya siku ile ya kupima, na akaipima mara mbili.

Deusdedit akageukia gari. Alikuwa ameona stika kwenye kioo cha gari, na haikuwa yake. Akatoa kijisimu kilichobaki, akabonyeza namba za kuhakiki, akasubiri. Jibu likaja. Bima kubwa, halali, bodi na betri, mwaka mzima, imelipwa juzi. Katika stika zote alizohusika nazo, hiyo ndiyo ya kwanza ya kweli, na aliilipia yeye.

Maige akaangalia stika ile kwa uchungu, kitambaa mkononi.

"Milioni sita," akasema. "Hawa watu wa bima ni wezi."

Na Deusdedit, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akakubaliana na mteja wake kwa moyo wote.