Viatu vya Sanduku la Tuhfa

Jumatatu, 4 Februari 1985
Maduka ya Tanga yameanza kujaa tena, ila si kwa watu kama mimi. Sanduku la zawadi za harusi za mchumba wangu Tuhfa linapelekwa kwao Ijumaa. Kila kitu kimo, isipokuwa viatu. Shangazi yake, Bi Mwanasiti, amesema wazi: sanduku lisilo viatu litarudi lilikotoka, na ndoa isahauliwe. Haroub wa dukani kabakisha jozi moja ya plastiki, nyekundu, namba nne. Tuhfa anavaa sita. Haroub akaniuliza naoa mtu au mwanasesere. Nimevinunua. Akili ninayo.

Jumanne, 5 Februari
Nimevichemsha. Plastiki ikiwa moto ni tiifu ajabu. Nikashindilia vibao nilivyochonga kwa kipimo cha mguu wa Tuhfa. Nikavitoa vibao upesi plastiki ingali moto, dada yangu Nasima anadai sufuria yake. Kufumba na kufumbua, namba nne tena. Haraka zangu.

Jumatano, 6 Februari
Leo nimevichemsha tena, nikaviacha na vibao vyake ndani ya maji ya mtungi mpaka vikapoa kabisa. Vimekaa! Sita kamili. Nikapita dukani kumwonyesha Haroub, sikuwa na shida nyingine. Akaniambia nisije nikavianika juani. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Februari
Sanduku la bati lilifika kwa kina Tuhfa kabla ya adhuhuri. Bi Mwanasiti akaagiza lisifunguliwe mpaka wanaume warudi msikitini. Likangoja uani, juani. Nami nikaswali kwa utulivu mkubwa.
Nasima kanisimulia. Kanga zikainuliwa, vigelegele. Mafuta, vigelegele. Viatu vikainuliwa, kimya. Namba nne, na kimoja kimepinda. Bi Mwanasiti akauliza ni vya bibi harusi au vya mjukuu. Sanduku limerudishwa. Nimelikalia hapa chumbani.

Jumapili, 10 Februari
Sijala vizuri tangu juzi. Nimewaza sana. Plastiki ukiilazimisha inakubali kwa muda tu. Umbo lake la kwanza limo humo humo, linangoja joto. Naogopa hata mtu yuko hivyo.
Jioni Nasima, aliyekwisha kumsimulia Tuhfa habari ya sufuria, kaleta ujumbe. Tuhfa amembembeleza shangazi yake, nimepewa mpaka Ijumaa ijayo. Kasema angevaa ndala zake kuukuu kwa furaha, laiti ningemwambia kweli. Ombi lake ni moja, nisimdanganye tena. Nimelia, sifichi. Nikamrudisha Nasima na kiapo changu.
Nikamwambia aongeze kwamba viatu vipya, namba sita, vimeshaagizwa Mombasa. Maji yako jikoni. Safari hii vile vile vyekundu vitakaa na vibao mpaka Alhamisi, na sanduku nitalifunika mkeka.