Faili la Kijani

Jumatatu, 11 Agosti

Zimebaki siku tano, leo ikiwemo. Ijumaa saa nne asubuhi Mkuu wa ofisi ataamua kama nathibitishwa kazini au narudi nilikotoka. Miezi sita ya majaribio inaishia hapo. Mama nimeshamwambia kwa simu kwamba nimethibitishwa. Aliuliza ghafla, nikaogopa kumsikia akinyamaza. Sasa mtaa mzima unajua. Mjomba amenipigia kunipongeza.

Nimesoma kitabu cha kubadili tabia mara mbili, kalamu mkononi. Kinasema asiyepima tabia zake hawezi kuzirekebisha. Kupima naweza. Mimi ni karani wa masjala: nafungua mafaili, nayapa namba, nayatuma kwa wakubwa. Basi nimejifungulia faili. Jalada la kijani, kamba nyeupe, namba halali ya usajili. Somo: Marekebisho ya Tabia. Ni la macho yangu tu.

Folio ya kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa faili, maazimio. Kuoga maji baridi. Kunywa maji glasi nane kabla ya saa sita. Kuacha kusema samahani. Kumtazama Mkuu machoni kwa sekunde nne. Kutoacha kitu chochote juu ya meza ninapoinuka.

Folio ya pili ni ya mpinzani wangu, karani wa meza ya mbele, ambaye ofisi nzima inamwita Nadhifu. Sisi wawili, nafasi moja. Hakuna aliyesema hivyo, lakini naona. Nimeandika: anafika saa moja na nusu, shati lina mikunjo miwili tu, yote ya pasi, maji glasi nane, hatoki jasho.

Jumanne, 12 Agosti

Maji baridi. Shangazi, ambaye naishi kwake, alisikia ukelele wangu, akagonga mlango wa bafu akauliza nimeumwa na nini. Nikasema samahani. Ya kwanza, saa kumi na mbili na robo.

Hadi saa sita zilikuwa thelathini na moja. Nimezipiga mistari folio ya tatu. Mama Masjala, msimamizi wetu, alinipitishia gurudumu la kigari cha mafaili juu ya mguu. Nikamwomba radhi. Akasimama akaniambia mwanangu, nimekukanyaga mimi, radhi unaomba wewe? Nikamwomba radhi kwa hilo pia. Mistari miwili.

Mchana nilikutana na Mkuu kwenye ukumbi. Nikamtazama machoni. Moja, mbili, tatu, nne. Kitabu hakisemi mtu anaachaje. Nikafika kumi na moja. Mkuu alisimama akauliza kama ana kitu usoni. Nikasema hapana. Akajifuta kwa leso, akauliza tena. Nikasema sasa hapana. Baadaye nilimsikia katibu muhtasi wake akitafuta kioo ofisi hadi ofisi.

Nimeandika folio ya nne: maendeleo, ya wastani.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya.

Glasi ya sita, saa nne. Ya saba, saa nne na nusu. Ya nane nilikuwa nayo mkononi huku naandika folio ya tano, na mwili ukaniambia niinuke sasa hivi. Nikainuka. Azimio la tano linasema meza ibaki tupu. Faili la kijani nikaliweka kwenye trei ya mafaili ya kutoka, kwa dakika mbili tu, nikatoka mbio.

Niliporudi trei ilikuwa tupu.

Mzee Tarishi, mpeleka mafaili wetu, huyakusanya kwenye trei saa tano kamili. Ana miaka thelathini katika kazi hiyo na hajawahi kuchelewa. Nilimkuta kwenye ngazi, anashuka mikono mitupu. Nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu faili la kijani. Akasema mjukuu wangu, lisiloandikwa linakwenda kwa nani huanzia kwa Mkuu. Nikamwambia halikuwa la kwenda, lilikuwa la kukaa. Akasema lilikuwa kwenye trei, mjukuu wangu.

Utaratibu ni huo, na ningekuwa mimi ningelichukua.

Sijala mchana. Mama amepiga simu jioni, akaniambia nimfikishie Mkuu salamu zake na shukrani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkuu amelitembeza.

Kwetu hapa hakuna mtu anayepitisha faili bila kuandika neno. Ataulizwa kwa nini. Nimelifuata siku nzima kwa kitabu cha kutembeza mafaili, chumba kwa chumba, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Wanaacha kuongea nikiingia. Saa tisa na nusu limerudi masjala, kwenye meza yangu, ili niliandae kwa uamuzi wa kesho. Nimesoma yote nikiwa nimesimama.

Mkuu: Nimeona. Wahusika watoe maoni.

Mhasibu: Hakuna gharama. Sina pingamizi.

Katibu muhtasi: Sekunde kumi na moja ni kweli. Nilikuwepo.

Dereva: Maji baridi nilijaribu, nikaugua kifua wiki mbili. Aache.

Mama Masjala: Folio zimepangwa vizuri. Mguu je, umepona?

Nadhifu: Glasi ni sita, si nane. Jasho natoka. Mimi nilithibitishwa mwaka jana.

Hii ya mwisho niliisoma mara tatu. Nilimwendea Nadhifu nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniambia kaka, hukuniuliza, nilidhani unanitazama vile kwa sababu ya shati. Akanipa jina la sabuni anayofulia. Nashuku ni hila.

Chini kabisa, kwa penseli, herufi kubwa zisizofuata mstari, kuna maandishi ya Mzee Tarishi. Miaka thelathini amebeba mafaili na hajawahi kuandika ndani ya hata moja. Ameandika: HUYU NDIYE PEKEE ANAYENIAMKIA KABLA YA KUNIULIZA KITU. AKIBADILIKA MTURUDISHIE WA ZAMANI.

Tarishi haruhusiwi kuandika kwenye faili. Penseli pia hairuhusiwi. Nimeliandika hilo pembeni, kwa wino.

Kisha Mama Masjala akatoka, Nadhifu akatoka, nikabaki mimi na faili. Kabati la mafaili yaliyofungwa lilikuwa wazi. Rafu ya chini kabisa haijaguswa tangu sijazaliwa. Ningelisukuma huko nyuma, nani angejua? Nililishika kwa dakika nyingi. Lakini faili likipotea masjala, karani anayefukuzwa ni mmoja, na ndiye aliyelisaini mara ya mwisho. Isitoshe folio ya sita na ya saba, zenye maoni yao, hazikuwa na namba, na hali hiyo ilinikera hata katika hofu yangu.

Nimezipa namba. Nimekaza kamba. Nimelipeleka kwa Mkuu mwenyewe, kwa miguu yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne.

Mkuu hakunitazama. Alikuwa amegeuza kiti kuelekea dirishani, na naamini ni kwa kujihadhari. Faili lilikuwa wazi mbele yake kwenye ukurasa wa penseli. Akauliza ni nani aliyeandika pembeni kwamba penseli hairuhusiwi. Nikasema ni mimi. Nikamsikia akipumua kwa pua.

Akasema katika mafaili yote aliyosoma mwaka huu, hili ndilo pekee ambalo folio zote zipo na zimefuatana. Akasema amesoma maneno ya mzee mara mbili, na kwamba yeye mwenyewe, kusema kweli, hajui kama huwa anamsalimia. Kisha akaandika, nami nikasoma juu chini kutoka niliposimama: Athibitishwe. Faili lifungwe.

Akaniomba kitu kimoja, nisimtazame tena vile. Nikasema samahani. Akasema hiyo ndiyo usiiache.

Nilikaa chooni robo saa. Si kwa ajili ya maji. Halafu nilimpigia mama kumwambia nimethibitishwa. Akauliza kwa mara ya pili? Nikasema ndiyo, kwa mara ya pili. Akasema kweli huko wanakupenda, mwanangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari Jumamosi na Jumapili. Hitimisho langu ni kwamba maji baridi yamefanya kazi.

Nisingeoga maji baridi nisingekuwa na ujasiri wa kupeleka faili mwenyewe. Sekunde kumi na moja pia zilisaidia. Mtu anayeogopwa kidogo huheshimiwa. Mkuu aliagiza faili lifungwe, na nimelifunga. Lakini kanuni za masjala ziko wazi: faili likifungwa na somo linaendelea, hufunguliwa sehemu ya pili. Nimeifungua saa mbili asubuhi. Jalada la kijani, kamba mpya.

Folio ya kwanza, maazimio ya mtu aliyethibitishwa. Maji glasi kumi. Kufulia sabuni ya Nadhifu, kwa tahadhari. Kutotoa salamu kwa haraka, bali kungoja kusalimiwa. Nimeona wakubwa wote hufanya hivyo.

Hili nimelianza leo. Mzee Tarishi alipita saa tatu. Nikanyamaza, nikangoja. Naye akasimama mbele ya meza yangu, akangoja. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko sekunde kumi na moja. Mwishowe akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kunipima homa. Akauliza mjukuu wangu, umelala vizuri? Nikasema shikamoo, samahani. Nimeandika folio ya pili: maendeleo, ya wastani.

Sasa ni saa tano kasoro dakika tatu. Nimemaliza glasi ya tisa na lazima niinuke. Meza ni tupu, kama inavyotakiwa. Faili nimeliweka kwenye trei. Sitakawia.