Chupa ya Mapovu na Kikopo Kikavu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya leo ina meno. Babu Otto bado yuko wodini. Kifua kimejaa makohozi na hayatoki. Daktari amemwambia Mama bila kuzunguka: yakitoka, mzee ataishi, yasipotoka, yatamzamisha hapohapo kitandani. Mama akauliza mtu anazamaje pasipo maji. Daktari akasema maji yapo, yako ndani.

Nimelia chooni. Kisha nikapata wazo!

Mwisho wa mwezi kuna mashindano ya sayansi shuleni. Mimi Notburga, wa Kidato cha Tatu, ambaye sijanyoosha mkono darasani tangu Kidato cha Kwanza, nitawasilisha ulinganisho wa vifaa vya kutoa makohozi. Kitabu cha maktaba kinasema mgonjwa akipuliza kwenye mrija uliozama majini, pumzi hutetemeka hadi kifuani na makohozi hulegea. Nesi Careen amesema hata wao hutumia. Amenipa mpira mpya wa dripu uwe mrija na kunionyesha kina cha maji. Chupa nimeosha mwenyewe.

Babu atapona, nami nitashinda. Sioni kinachoweza kuharibika.

Jumanne, 15 Julai

Clinton!

Clinton wa darasani kwetu, mwenye sauti, ambaye baba yake ana duka la dawa Majengo. Naye ameingia mashindanoni kwa mada hiyohiyo. Ana kifaa cha kiwandani, kama filimbi nene ya plastiki yenye gololi ndani. Ukipuliza, gololi inarukaruka na kifua kizima kinatikisika. Mgonjwa wake ni Mzee Tadei wa Hanga, anayeuguzwa na mwanawe Beda. Kitanda chao kinagusana na cha Babu!

Clinton aliitazama chupa yangu mbele ya wodi nzima, akauliza, “Dada, juisi ya leo ni ya nini?” Wodi ikacheka. Hata aliyekuwa na dripu akacheka. Nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia nilipofika nyumbani Msamala.

Kanuni tumekubaliana. Mgonjwa anapuliza, anakohoa, anatema kwenye kikopo. Kikopo kinachojaa ndicho kifaa bora.

Jumatano, 16 Julai

Mzee Tadei: kikopo nusu. Babu: kikavu. Kikavu kama Ijumaa Kuu.

Na alipuliza vizuri! Mapovu yakachemka, kifua kikaunguruma, kohozi likapanda hadi kooni. Nililiona likipanda. Kisha akamtazama Mama, akavuta blanketi hadi puani, akageukia ukutani, akameza.

Mama akanivuta pembeni. Akasema huenda mzee anamwonea haya, maana yeye ni mke wa mwanawe, bora awe anatoka nje wakati wa kupuliza. Nikamsihi asitoke. Kitabu kinasema hali zote zibaki zilezile, kibadilike kifaa peke yake. Mama ni hali.

Baadaye alikwenda kuosha bakuli la uji. Huku nyuma Babu akakohoa, akatema kwenye kitambaa, akatema tena na tena, akapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Bahati mbaya muda wa kipimo ulikuwa umekwisha. Sikuandika.

Alhamisi, 17 Julai

Mbinu mpya: nijaribu gololi kwa Babu. Nimemwomba Clinton kwa kikaratasi, kwa sababu sauti iligoma. Nilitegemea kejeli kesho. Haikufika kesho. Jioni hii hii ameniletea kifaa kipya, kimefungwa bado, kutoka dukani kwao. Akasema Babu apone kwanza, mashindano baadaye. Nina mashaka naye.

Babu alipuliza. Gololi ikaruka. Mama, ili kusaidia, akakisogeza kikopo hadi kidevuni pa mzee na kumshika bega. Kikavu!

Mama alipoinama kutafuta kanga, Babu akanong'ona: “Mjukuu wangu, mtu mzima hatemi mbele ya mkwe wake. Nitakufa na heshima yangu.”

Homa ilikuwa juu sana. Nimeandika: mgonjwa anaweweseka.

Hitimisho la leo: Clinton amenipa kibovu.

Ijumaa, 18 Julai

Kesho daktari anapita kukagua vikopo. Cha Mzee Tadei kimejaa. Cha Babu ningeweza kuwekea chumvi na isilowe.

Nimevibadilisha. Vinafanana, ni plasta zenye majina tu zilizohama. Beda alikuwa ameenda kuchota maji ya moto, Mzee Tadei amesinzia.

Huu si wizi. Makohozi yakishamtoka mtu hayana mwenyewe. Tena Babu akiona kikopo chake kimejaa atapata moyo, naye ataanza kutoa ya kwake.

Jumamosi, 19 Julai

Daktari amefurahi! Amekiinua kikopo kwenye mwanga na kusema, “Kumbe mzee wetu anatoa!” Akamsikiliza mgongoni. Akasema kifua bado kinakoroma ila mzigo unatoka, vitanda ni vichache, mzee akamalizie nyumbani. Akanipongeza mimi na chupa yangu. Mbele ya Clinton!

Mzee Tadei, mwenye kikopo kikavu, amebakizwa. Ameongezewa mazoezi ya kifua asubuhi na jioni. Beda amebaki mdomo wazi, maana alikiona kikijaa.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nesi Careen akaniona nimefungua mdomo, akauliza nina nini.

Nikasema, “Shikamoo.”

Nilikuwa nimeshamwamkia.

Jumapili, 20 Julai

Babu yuko kwetu, chumba cha mbele. Anapumua kwa mabega. Baba yuko kazini Tunduru, amesema anatafuta basi. Mama hajaenda hata misa. Hambanduki mzee: anamkanda, anamfunika, anamshikia kikopo. Babu anamshukuru kwa macho na kumeza.

Kifua chake kinalia kama chupa yangu. Nikiwa jikoni sijui kipi ni kipi.

Nimeongeza maji kwenye chupa.

Jumanne, 22 Julai

Babu amefariki jana alfajiri. Tulikuwa tunasubiri gari la kumrudisha hospitali. Mkono mmoja alinishika mimi. Wa pili ulikuwa umeshika blanketi mdomoni, na haukuliachia hata baadaye. Mama ndiye aliyeutoa, kidole kimoja kimoja.

Alhamisi, 24 Julai

Tumemzika jana. Clinton alikuja na kilo mbili za sukari, akamwamkia Mama kwa magoti, akabeba maji ya wapishi siku nzima. Akaniambia pole. Akasema atajitoa mashindanoni, niendelee peke yangu. Ujanja gani tena huu?

Leo Mama alikuwa anaosha vyombo vya msiba. Akakiinua kile kikopo tulichorudi nacho. Akasema kilinuka ugoro siku ileile ya kutoka hospitali, akadhani pua yake imechoka. Babu hakunusa ugoro maisha yake yote. Anayenusa ni Mzee Tadei. Akaniuliza kama nina la kumwambia.

Nikatazama miguu yangu. Ni miguu ya kawaida.

Hakuuliza mara ya pili. Bora angeuliza. Aliendelea kusugua sufuria, kisha akaiambia ile sufuria: “Ningetoka tu nje. Ningekaa kizingitini, mzee wa watu angetema.”

Nikarudi kwenye kitabu cha maktaba. Kizingiti kinahusiana vipi na kifaa? Kitabuni hakimo.

Jumatatu, 28 Julai

Nimepata kosa! Ni mrija. Ulikuwa mfupi, mtetemo ulikuwa unaishia njiani. Nimepata mrefu. Kile kikopo nimekifikiria sana, nimeona hakikumdhuru mtu, kwa kuwa kikopo si dawa.

Nimekwenda wodini. Mzee Tadei anaendelea vizuri sana, mazoezi ya nyongeza yamemfaa. Bado kifua kidogo tu, daktari amesema kisipuuzwe. Nimemwomba ajaribu chupa yangu, kwa kumbukumbu ya Babu. Amekubali. Akasema Babu alikuwa mtu wa heshima.

Na bahati imenigeukia! Beda amerudi Hanga kuvuna mahindi. Badala yake amekuja mkewe, Ursula, mtulivu, makini, si kama Beda wa kutokatoka. Nimemweleza kwamba hali zote lazima zibaki zilezile. Ameelewa haraka. Ameahidi kukishika kikopo yeye mwenyewe, na hatabanduka pembeni ya baba mkwe wake hata kidogo.

Mzee Tadei alipotusikia alivuta blanketi hadi puani.

Baridi ya mwaka huu, kwa kweli, haitaki kuisha.